Kuirudisha Saa ya Mzee Ogola Kendu Bay

Nilivuka ghuba kwenda Kendu Bay ili kurudisha saa ya ukutani niliyoipata kwa uongo. Nyinyi wenzangu wa Kisumu mnaopenda saa za zamani mmezoea nikitoka safari nije na mzigo, tuufungue mezani, tubishane umri wake. Mara hii nilienda na mzigo nikarudi mikono mitupu. Hasira niliyorudi nayo haijanitoka mpaka leo, kwa hivyo mnivumilie nikiropoka.

Kwanza niwaeleze saa yenyewe ilikotoka. Ilikuwa ya marehemu Mzee Ogola, mkubwa wangu wa kazi pale stoo ya bandarini, mtu aliyenipokea nilipoteremka kutoka kwetu Bunyore sijui hata kujaza fomu. Aliinunua kwa Mhindi mmoja wa Kendu Bay aliyekuwa akifunga duka. Saa ya Kijerumani, mbao nyeusi, mlango wa kioo, matundu mawili ya ufunguo, na sauti nzito ambayo haikupi nafasi ya kufikiri jambo lingine. Mzee aliitundika nyumbani kwake huko huko. Nilikuja kuiona kwa mara ya kwanza siku ya matanga yake. Watu wanalia, mimi macho yangu yako ukutani! Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miezi michache baadaye nilirudi kumjulia hali mjane wake, Mama Dorka. Nilijua hataiuza. Kila Jumapili akitoka kanisani aliitia ufunguo mwenyewe, kama mumewe alivyokuwa akifanya, na hata kabla hajavua kitambaa cha kichwa. Basi nikafanya ule ujanja ambao baadhi yetu tunaujua na hatuusemi. Saa hizi zina ulimi wa shaba unaobembea ndani. Saa lazima ining'inie wima. Ukiisukuma chini kidogo tu, upande mmoja, inaanza kuchechemea, halafu inasimama. Haina ugonjwa wowote. Ukiinyoosha inatembea tena. Nilijidai naipangusa vumbi, nikaipindisha kwa kidole gumba, nikachomeka nyuma yake kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara. Ikasimama. Nikaianzisha mbele yake mara mbili, ikasimama mara mbili.

"Imechoka, Mama," nikamwambia. "Vyuma vya ndani vimelika. Na spea hazipatikani tena."

"Haiwezi kutibiwa?"

"Haiwezi. Labda mimi niichukue nitoe vipande vya kusaidia nyingine."

Mama Dorka akasema, "Basi mzee amemaliza kuondoka." Akanisaidia kuifunga. Nikamwachia saa ndogo ya plastiki ya kuamshia watu, mpya, nikajiona nimetenda haki. Jioni hiyo hiyo ile ya Mzee niliitundika kwangu, ikalia vizuri sana. Ililia kwangu miaka minne.

Kilichoniondoa nyumbani ni salamu. Nilikutana na Akoth, mke wa mtoto wa Mama Dorka, sokoni Kibuye, anakimbilia feri na vikapu kichwani. Akanipungia mkono akisema, "Mama anakusalimu! Kila mara anauliza kama ile saa iliyokufa ilikufaa kwa spea!" Akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika fungu la nyanya ambalo sikumbuki kama nililipia. Angenitukana ningelala. Hayo maulizo ya upole ndiyo yaliyonikaba.

Jumamosi iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa gatini. Niliutoa ulimi nikaufunga kwa soksi nikautia mfukoni, maana ukiuacha ndani utapiga kioo njia nzima. Saa yenyewe niliizungushia shuka jeupe, nikaikumbatia kifuani. Mwaka huo gugu-maji lilikuwa limejaa mpaka ukiangalia unadhani feri imeegeshwa shambani. Injini ilinguruma, tukasonga, tukakwama, tukarudi nyuma, tukasonga tena. Vijana wa feri walikuwa mbele na miti mirefu wanasukuma majani huku wakilaani serikali.

Tukiwa tumekwama hapo, mama mmoja mwenye magunia matupu ya dagaa wa omena aliniangalia, akaliangalia lile shuka, akainuka kwenye benchi.

"Keti, baba. Keti na mtoto," akasema kwa sauti ya chini. "Pole sana."

Sikumwelewa mara moja. Kumbe alidhani nimebeba kijeneza. Abiria wengine wakaanza kusogea. Mzee mmoja akavua kofia. Mtu mwenye akili timamu angesema, jamani, hii ni saa. Mimi niliketi! Nikasema asante, Mama, na nikapokea pole za watu saba au wanane mpaka tunafika, kwa sababu kueleza ni saa kungeleta swali la unaipeleka wapi na kwa nini. Ndivyo nilivyo. Nilikuwa njiani kwenda kuungama uongo mmoja, na hapo hapo nimekalia mwingine.

Saa nne na nusu tulifika Kendu Bay. Kutoka gatini hadi boma la Mzee Ogola ni mwendo wa kama dakika arobaini, na baiskeli za kubeba watu sikuziamini na kioo. Nikapata mtu wa mkokoteni, Ombok, mrefu, mwenye kaptura ya polisi wa zamani. Tuliilaza saa juu ya magunia. Huyu hakuwa wa kutoa pole, alilifunua shuka mwenyewe.

"Saa?" akauliza. "Unapeleka kwa nani?"

"Kwa Mama Dorka, mjane wa Ogola."

"Aa, hiyo saa naijua. Hiyo ndio ilikuwa inatuamsha kwenda shule. Si walisema ilikufa?"

"Nimeitengeneza," nikamjibu.

"Wewe fundi kabisa," akasema, akaanza kusukuma. Njia nzima nikawa narudia maneno yangu moyoni. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: nitasema polepole, nitasema yote, sitajitetea. Nilifikiri kazi ngumu ni kupata maneno.

Saa tano na robo tuliingia bomani. Ua wa minyaa umekua, nyumba kwa nje imepakwa chokaa upya. Akoth alikuwa anaanika omena. Aliponiona alipiga makofi, akanipeleka ndani, akaenda jikoni kuweka chai. Ombok akajilaza nje kivulini, karibu na dirisha.

Mama Dorka alikuwa kwenye kiti chake, ungo wa maharagwe mapajani, anachambua. Amepungua mwili. Ukutani, pale ilipokuwa saa, ulibaki mstatili mweupe kuliko ukuta wote, na msumari ule ule ulikuwa umetundikwa kalenda ya kanisa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Bwana Isaya! Umekuja. Karibu, nyathina," akasema. Kwa Kijaluo hiyo ni kusema mwanangu.

Nikakaa karibu naye nikayatoa maneno yangu. Niliyasema chini chini, kama mtu anavyosema kwa padri. Nikamwambia saa haikuwa mbovu. Nikamwambia nilivyoipindisha, nikamwambia na ile karatasi ya sigara. Nikamwomba msamaha. Wakati wote alinitazama usoni, anaitikia kwa kichwa. "Ee," akawa anasema. "Ee, nyathina." Nilipomaliza akatabasamu, akaniuliza, "Na watoto? Wote wazima?"

Sijui kama mmewahi kusamehewa namna hiyo. Nilitaka kulia. Nikajiambia, huyu mama ni wa ajabu, hataki hata kunikumbusha. Nikainuka mwepesi kama nimevuliwa gunia, nikatoa kalenda, nikaitundika saa. Niliinyoosha wima kwa umakini ambao sijawahi kuutumia kwa saa yangu yoyote. Nikauning'iniza ulimi mahali pake, nikatia ufunguo, nikasogeza mishale ilingane na saa ya mkononi. Ikaanza kutembea sawasawa. Mama Dorka alinitazama nikifanya yote hayo, akasema, "Inapendeza hapo," akarudia maharagwe yake.

Saa sita kamili ikapiga. Mnaijua saa ya aina hiyo ikipiga mchana, ni mara kumi na mbili, na nyumba ile ni ndogo, kila pigo unalisikia mpaka kwenye meno. Nje Ombok akapiga kelele za furaha. Akoth akaja mbio kutoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Mimi nikageuka kumtazama mwenye saa.

Alikuwa anachambua maharagwe. Alitoa bovu moja, akalitupa chini. Pigo la saba, la nane. Hakuinua uso.

"Hasikii," Akoth akasema, saa ilipomaliza. "Kwani hukujua? Masikio yaliisha. Sasa anafuata midomo kidogo tu, na mara nyingi anaitikia ili asikukosee heshima. Ukitaka asikie, umpigie kelele hapa, sikio la kushoto."

Basi hakunisamehe. Hakuna alichokuwa amesikia.

Nilifikiria kuondoka. Naandika ukweli: nilifikiria kunywa chai, kuaga, na kumwacha Mama Dorka akiamini nimemletea zawadi. Lakini Akoth alikuwa amekwisha kuinama kwenye sikio lake, anapaza sauti, "Bwana Isaya ametengeneza saa ya Baba! Inalia!" Mama Dorka akanishika mkono tena, akaanza kuniombea baraka, mimi na kizazi changu. Hapo nikashindwa. Nikapiga magoti kando ya kiti, nikaweka mdomo wangu kwenye sikio lake la kushoto.

"Mama, sikuitengeneza!"

"Sema kwa nguvu."

"Sikuitengeneza! Haikuwa mbovu! Mimi ndiye niliisimamisha! Niliipindisha kwa kidole!"

Jamani, maneno niliyoyapanga kwa kunong'ona niliyapiga kama mwuza mitumba. Nje Ombok akainua kichwa. Ng'ambo ya ua mtu aliyekuwa akipasua kuni akaacha kupasua. Na Mama Dorka alitaka nirudie, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka alipohakikisha ameyapata yote. Kisha akaushusha ungo sakafuni.

"Kwa nini?"

"Niliitaka, Mama!"

"Si ungesema unaitaka," akajibu, "nikukatalie."

Nikainamisha kichwa. Akanigusa bega niinue uso, apate kuiona midomo yangu.

"Ulijua lini iko mzima?"

"Siku ile ile!"

"Na kwako ilikuwa inalia?"

"Ndiyo, Mama! Kila saa!"

Akaitazama ukutani. Ulimi ulikuwa ukienda na kurudi nyuma ya kioo. "Mimi masikio yangu nilikuwa nayo mpaka Krismasi ya mwaka juzi," akasema. Hakupandisha sauti. Akauinua ungo wake akaendelea na maharagwe.

Nikapiga hesabu nikiwa bado nimepiga magoti. Miaka miwili na zaidi. Miaka miwili angekaa kwenye kiti kile akaisikia saa ya mumewe, nami katika miaka hiyo hiyo nilikuwa nikiwaita nyinyi kwangu tunywe soda, tuisikilize, mnisifu.

"Niitoe, Mama?" nikapaza sauti.

"Iache. Akoth ataisikia. Sasa kunywa chai."

Chai ililetwa na mandazi, Akoth akaniwekea kikombe bila kunitazama. Huwezi kukataa chai ya nyumba ile. Nikainywa yote.

Saa tisa alasiri kulikuwa na feri. Ombok alisukuma mkokoteni mtupu kando yangu. Tulipokaribia gati akasimama.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "kwani huko Kisumu hakuna saa?"

Nikamlipa, akapokea akiangalia pembeni. Sijui habari zilipita njia gani, lakini gatini wauza samaki walikuwa nazo tayari. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyu wa saa," na mwenzake akanikagua kuanzia viatu. Ndani ya feri nilipata benchi nzima peke yangu.

Nyumbani mke wangu aliniambia nimefanya vizuri, mzigo umenitoka. Mchungaji naye akasema hivyo hivyo, akataka nisimame kanisani nitoe ushuhuda. Nilimkatalia kwa ukali, na sijamwomba radhi. Ushuhuda wa nini? Nilichorudisha ni mbao na shaba. Kile nilichomwibia Mama Dorka hakikuwa na pa kutundikwa tena, nami nilijifunza hilo nikiwa nimepiga magoti, huku mtu wa mkokoteni anasikia.

Mtaniuliza kama nimebadilika. Haya, nitawajibu. Ukutani kwangu kuna saa nyingine nne nilizozipata kwa kidole gumba hiki hiki. Moja ya Kombewa, moja ya Sondu, na mbili za hapa Manyatta, ambako naweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla chakula hakijapoa. Yule mzee wa Sondu, siku niliyomwambia saa yake imekwisha, alikuwa tayari anatembelea mkongojo na jicho moja limepofuka. Kila asubuhi nasema nitaanza naye. Sijaenda. Jana jioni nilizitia ufunguo zote nne, na zinatembea vizuri.