Pikipiki Isiyowahi Kuanguka

Kwa miaka kumi ufunguo wa stoo ulining'inia kwenye kamba shingoni mwa Mwalimu Yuditha, ndani ya blauzi, na hata usiku hakuuvua. Ndani ya stoo hiyo, nyuma ya magunia ya kahawa na madebe matupu, ilikaa pikipiki ya marehemu mumewe, Eliamini, imefunikwa turubai. Majirani walijua kwamba mjane hataki kuiona kwa sababu ndiyo iliyomwua mume. Walimheshimu kwa hilo.

Walijua hivyo kwa sababu ndivyo alivyowaambia.

Eliamini alikuwa bwana shamba huko Kondoa, mbali na nyumbani. Mwaka 1988 Yuditha aliitwa kwa simu ya upepo afike haraka. Alipofika akakuta mumewe amejitoa uhai, peke yake, katika nyumba ya serikali. Hakuacha barua. Yuditha, aliyefundisha watoto wa watu kuandika barua kwa miaka ishirini, alipekua kila daftari na kila mfuko wa koti, asipate hata mstari mmoja.

Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alifikiri. Kwao, aliyejiua hazikwi na mchungaji. Kengele haipigwi, na kaburi huchimbwa pembeni kabisa mwa kihamba, shamba la ukoo, kule ambako hata mgomba haupandwi. Watoto wangeishi na jina hilo mpaka wazeeke. Basi alirudi Moshi na jeneza lililopigiliwa misumari na habari fupi: ajali ya pikipiki, kichwa kimeharibika, lisifunguliwe. Anaeli, mdogo wake Eliamini, mzee wa kanisa wa Kilutheri anayeaminika mteremko mzima, ndiye aliyesimama mbele ya mchungaji kueleza kifo cha kaka yake. Kengele ikapigwa. Eliamini akazikwa mbele ya nyumba, na kwaya ikaimba.

Pikipiki ilifika wiki tatu baadaye kwa lori, nzima kama ilivyotoka dukani. Yuditha hakumruhusu mtu kuinua turubai. Aliisukuma hadi stoo mwenyewe.

Sasa ulikuwa mwaka 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimekula barabara, kahawa haikuwa na bei, na watu waliokuwa wakiapa kwa mibuni yao walikuwa wakiing'oa wapande nyanya. Anaeli alibakiwa na ng'ombe wawili wa maziwa na magoti mabovu. Kila alfajiri alishuka na dumu begani hadi kituo cha maziwa, na kila siku alipanda akiwa amekunja uso zaidi. Ukoo ulikaa, ukaamua pikipiki ya kaka yake ifufuliwe, apewe.

"Shemeji," Anaeli alimwambia, kofia mkononi, "najua inakuuma. Lakini kaka asingependa nife na dumu begani."

"Ni chuma chakavu hicho, Baba Elisifa. Iliharibika yote."

"Fundi ataona mwenyewe. Basili wa Soweto, kule mjini, amezoea mizoga. Atakuja Jumamosi."

Yuditha asingeweza kupinga uamuzi wa ukoo. Aliingia stoo, akainua turubai kwa mara ya kwanza. Pikipiki iliyomwua mtu haikuwa na mkwaruzo.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko, na wanawake wote walikuwa wameteremka. Yuditha alivaa gauni la shambani, akajifungia stoo na nyundo ya kupasulia mawe. Alivunja taa ya mbele. Akagonga tenki mara tatu likabonyea. Akapindisha mkono wa breki. Alipiga kwa mpangilio, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari. Kisha akapiga pigo moja zaidi, kwa nguvu zake zote, na hilo halikuwa la kulinda jina la mtu. Akafagia vioo mpaka sakafu ikawa safi.

Jumamosi asubuhi Basili alifika na mfuko wa spana. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Waliitoa pikipiki uani. Basili aliipiga kiki. Mguu ukagoma kushuka. "Injini imekamata," alisema. Alifungua plagi, akamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kwenye tundu, akaiacha ilowe. Wakati inalowa alifungua kabureta. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gundi ya rangi ya chai. Kwenye chujio la hewa panya walikuwa wamejenga wakazaa wakahama. "Hawa wamekaa bure miaka kumi," Basili alisema, "na mimi Soweto natimuliwa kwa kodi kila Krismasi." Anaeli alicheka. Yuditha aliwaletea mtori, akasimama mlangoni mwa jiko, mikono imefungwa kifuani.

Basili alipokuwa akisugua tenki kwa kitambaa, mkono wake ulipunguza mwendo.

"Mzee, marehemu alifariki mwaka gani vile?"

"Themanini na nane."

"Mibonyeo hii si ya themanini na nane. Ona chuma kinavyong'aa. Cheni imeoza, skrubu zimeoza, madigadi yanavunjika kwa kidole, halafu hapa rangi imebanduka na kutu hakuna hata punje. Hii imepigwa juzi." Aliinama ubavuni. "Na pikipiki ikianguka hulala ubavu. Huumia hapa kwenye kikanyagio. Hiki kizima. Nimetengeneza zilizoanguka mpaka nimechoka, mzee. Hii haijawahi kuanguka." Akacheka peke yake. "Au panya wenu wana nyundo?"

Yuditha alikuwa mtu wa kujua mengi. Kutu hakuifikiria.

Anaeli aliweka bakuli chini polepole. "Endelea na kazi, fundi," alisema. Akatembea hadi mlangoni mwa jiko, akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi ndiye niliyesimama mbele ya mchungaji."

"Najua."

"Kaka alikufaje?"

Yuditha alitazama kaburi, msalaba wa saruji aliouosha kila Jumamosi, na jina alilochagua herufi zake mwenyewe.

"Kwa ajali," alisema.

Anaeli alimtazama mpaka Yuditha, ambaye hakuwahi kuinamisha macho mbele ya mkaguzi yeyote wa shule, akayainamisha.

Alasiri injini ililegea. Basili alitia petroli mpya, akasugua plagi kwa msasa, akapiga kiki, akapiga tena, akatukana taratibu kwa Kichagga, akapiga. Pikipiki ilikohoa moshi mweusi, ikanguruma. Sauti ilivuka migomba na bonde, na wa kwanza kuingia uani akikimbia alikuwa Mama Mektrida, jirani yao, watu watano nyuma yake.

"Ruwa, Mungu wangu! Nilidhani Eliamini amerudi!" Alizunguka pikipiki akilia na kucheka. Kisha akaona tenki, akaweka kiganja chake juu ya mbonyeo mkubwa kuliko yote, ule wa pigo la mwisho. "Hapa ndipo alipojigonga?"

Basili alimtazama Anaeli.

"Ndiyo, mama," Anaeli alisema. "Hapo hapo."

Alizima injini. Watu walipokwisha kuondoka, aliisukuma pikipiki mwenyewe hadi stoo, akaifunika, akafunga mlango kwa ufunguo ulioachwa kwenye kufuli, akamwekea Yuditha ufunguo huo mkononi bila kumgusa.

Jumapili Anaeli hakukaa kwenye benchi la wazee wa kanisa. Alimwambia mchungaji magoti yanamsumbua, awekwe mwingine, na hakurudi tena kwenye benchi lile.

Jumatatu alfajiri Yuditha alimwona kupitia ua akishuka na dumu begani, akisimama kila hatua kumi. Mbele ya Yuditha yalisimama masale, mimea ya majani marefu iliyopandwa mpakani. Kwao, aliyekosewa akipelekewa jani la sale lililofungwa fundo, hana budi kusamehe. Lakini jani hupelekwa na mtu mwingine, na huyo lazima aambiwe kosa ni nini.

Yuditha alilishika jani moja, akalivuta mpaka likaanza kupasuka shinani. Akaliachia.

"Umeamkaje, Baba Elisifa?" aliita, kwa sauti ya kusikika na majirani.

"Salama, Mwalimu," Anaeli alijibu, bila kusimama. Hakuwahi kumwita hivyo; kwake siku zote alikuwa Shemeji.