Jicho Moja wa papa yangu

Siye tuliokulia Goma zamani, filme hatukuiangalia kwa macho tu. Tuliisikia mu kinywa cha papa yangu.

Jumapili, misa ikiisha, tulibanana ku mabanki ya mbao mu sale, ule ukumbi wa parokia, mikono ingali inanuka samaki ndogo za ziwa, sambaza za kukaanga. Ku ukuta walitundika shuka nyeupe. Filme ilikuwa ile ya Jicho Moja, mutu wa chuma mwenye jicho jekundu kama kaa la moto, anayefuata mutoto binti kutoka nyota moja mupaka ingine. Ilisema Kifaransa. Papa alisimama pembeni na fimbo, anatufasiria, na Kifaransa chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu.

"Mutulie, bamama na bapapa! Huyu mutoto amepotea. Mama yake iko Kalengera, analia. Jicho Moja anamutafuta amurudishe!"

Na Jicho Moja akirusha moto? "Anamumulikia njia!" Tulipiga makofi mupaka mabati yanatetemeka. Kisha tulicheza Jicho Moja ku mawe meusi ya volkano, sufuria ku kichwa. Mama alifoka: "Murudishe sufuria yangu, nyie watu wa nyota!"

Ilikuja ya pili, ya tatu, ya ine. Ya tano ilikuwa ovyo kabisa, hata papa alikosa cha kusema. Zikakatika. Papa naye akatuacha, Mungu amurehemu.

Basi mwaka huu Jicho Moja amerudi. Mujukuu wangu Neema, anayesoma iniversite, aliileta filme mupya mu ordinateri, kompyuta yake. Lakini kwanza alikuwa ameangalia zile za zamani zote, na yeye Kifaransa anakisikia. Akacheka: "Koko, Jicho Moja alitaka kumuua ule mutoto! Papa yako aliwadanganya miaka yote!"

Niliumia. Muzee wangu, mwongo mbele ya parokia nzima? Niliangalia filme kama mutu anayengoja hukumu.

Ule mutoto sasa ni muzee kama mimi. Ameanguka ku mawe meusi, ungesema ni kwetu Munigi. Jicho Moja akamukaribia, kutu imemukula mwili muzima. Neema akanishika mukono. Jicho Moja akapiga goti, akamubeba ku mugongo, akamurudisha kwao.

Lo! Ile filme ni nzuri, nakuambia. Nililia bila haya.

"Umeona?" nikamwambia Neema. "Wametengeneza filme sita ili wafike pale papa yangu alianzia."

Watoto wa leo wanaangalia filme mu telefone, kila mutu peke yake, amelala kama mugonjwa, masikio yamezibwa. Siye tulilia pamoja, tukacheka pamoja, hata kama tulicheka mahali si pa kucheka.

Neema aliirudisha filme ku mwanzo, akakata sauti. "Sema wewe, Koko."

Nikachukua mwiko wa kusongea bukari, nikasimama pembeni. "Mutulie, bamama na bapapa!"

Alikuwa mumoja tu. Lakini alitulia.