Kisomo cha Jini Mahaba

Mwanamume aliyeniposa alikuwa mzuri, na uzuri wake ndio ulionitisha. Angekuwa na sura mbaya ningepata pa kujifichia. Huyu alikuwa mrefu, mtanashati, ana duka la vipuri Chalinze, na alipokuja kwetu Bagamoyo kujitambulisha, wanawake wa mtaa mzima walikumbuka ghafla kwamba wana kitu cha kuazima jikoni kwetu. Nilikaa mbele yake nikamtazama mikono, shingo, mabega, nikingoja mwili wangu useme neno. Haukusema. Nilimtazama kama ninavyotazama kabati zuri kwenye duka la samani: nikasifu ufundi, basi.

Nilikuwa nimeshapita thelathini, fundi cherehani, na sijawahi kumtamani mwanamume kwa kumwona. Tangu shuleni wenzangu wakimwona kijana fulani anapita walipigana viwiko, na mimi nikapiga kiwiko kwa kuiga. Nilidhani wote tunaigiza. Nilipogundua kwamba wao hawaigizi, iliniingia hofu ambayo haijawahi kunitoka sawasawa.

Mara moja tu tamaa iliwahi kunipata. Mwalimu mmoja wa jiografia alipanga nyumba ya jirani, mtu mfupi, wa kukohoakohoa, na shati lake halikujua pasi. Mwaka ule watu waligombana kama kawaida kuhusu mwezi wa Ramadhani, hawa wanafunga na Makka, wale wanangoja uandame hapahapa. Aliniletea suruali ya kupunguza, nikamwambia hesabu ingetosha kumaliza ugomvi wote. Akasema hesabu inaonyesha mwezi uko wapi, haiwezi kuahidi kwamba jicho litauona. Tukabishana mpaka adhana. Alipofika kwake akanitumia ujumbe wa sauti kuendelea kubisha, nami nikamjibu, ikawa desturi yetu. Siku moja, nikimsikiliza akikubali shingo upande kwamba hoja yangu imemshinda, joto lilinipanda kutoka tumboni hadi masikioni nikalazimika kusimamisha cherehani. Sauti tu, na akili iliyokuwa nyuma ya sauti. Hatukuwahi kugusana hata vidole. Baadaye alihamishiwa Tunduru, akaoa huko, na mimi nikabaki na zile sauti kwenye simu. Sikuzifuta. Nazisikiliza nikipinda mapindo.

Kwenye simu hiyohiyo nilisoma kwamba wapo watu wa namna yangu, ambao mwili haufunguki mpaka akili iguswe kwanza, na kwamba huo si ugonjwa. Nilisoma tena na tena. Jina lao lilikuwa la Kizungu, refu. Nikawaza nitampelekeaje mama yangu neno ambalo mimi mwenyewe linanikwama kooni.

Kwa hiyo nilimwendea shangazi yangu, Kaole. Yeye ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, na mambo ya mwili kwetu huulizwa kwake. Posa ilikuwa imeshapokelewa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwali wangu. Mbona umenyong'onyea?"

"Yule bwana simtamani."

"Utamzoea."

"Si yeye tu. Sijapata kumtamani mtu yeyote kwa kumwona."

Akaacha kukuna nazi. "Na bila kumwona?"

Nilimjibu kweli. Nikasema kuna sauti. Mwenyewe hayupo, lakini ikizungumza nami naridhika.

"Huisikia ukiwa peke yako?"

"Ndiyo."

"Na tangu uisikie, hutaki mwingine?"

"Sijamtaka."

Akainuka kwenye mbuzi, akaja kunikumbatia na mikono yake ya tui. "Maskini mwanangu. Una jini mahaba."

Pwani yetu hakuna asiyemjua. Ni jini anayempenda binadamu, akamfanya mke wake kwa siri, akamfunga asimtake mtu mwingine. Nilitaka kucheka. Lakini kwenye bajaji ya kurudi nyumbani nilizipitia dalili moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zangu. Simu iliwazungumzia watu wasionijua. Shangazi alinizungumzia mimi. Nikaanza kuogopa kwamba simu ndiyo inayokosea, na kwamba ile raha niliyoiona mali yangu ni ya mtu mwingine anayekaa ndani yangu.

Shangazi alimweleza mama, na kisomo cha kumtoa jini kikafanyika sebuleni kwetu baada ya alasiri. Mwalimu wa kisomo alikuwa mtu mpole, mama na shangazi wamekaa nyuma yangu, na mimi nimefunikwa shuka jeupe na chetezo cha ubani chini yake. Zile aya nilizijua tangu chuo cha Kurani na nazipenda. Sikuogopa aya. Niliogopa kwamba kitu kitajibu ndani yangu. Halafu niliogopa zaidi kwamba hakitajibu, kwa sababu hapo ningekuwa mzima, na mwanamke mzima hana sababu ya kumkataa mwanamume mzuri mwenye duka. Harusi ingekuwa mwezi uliofuata. Ningelala na kabati maisha yangu yote.

"Wewe uliye ndani yake," mwalimu aliuliza taratibu, "una ugomvi gani na huyu bwana aliyemposa?"

Katikati ya hofu, nikakasirika. Swali lile hakuna aliyekuwa ameniuliza, si mama wala wajomba. Leo linaulizwa, na anaulizwa jini.

"Sitaki mtu wa kunitazama," nilisema. "Nataka mtu wa kuzungumza nami."

Sauti ilitoka nzito, imekwaruzwa na moshi. Hata mimi sikuitambua.

"Amepandisha," shangazi alinong'ona.

"Na ukipata wa kuzungumza nawe, utamwachia mwili wake?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo."

"Na huyu wa Chalinze?"

"Simtaki."

Nikamsikia mama akilia. "Tumekusikia, bwana," alisema. "Hataolewa na usiyemtaka." Tangu nizaliwe mama hajawahi kuniambia amenisikia.

Waliponifunua, mama alinifuta uso kwa kanga yake, akaninywesha maji. "Mwanangu, unakumbuka ulichosema?"

Nilikumbuka kila neno. Lakini nikisema nilisema mimi, posa imebaki palepale, na juu yake nimefanya mzaha mbele ya Kitabu.

"Sikumbuki, mama."

Posa ilirudishwa kwa heshima zote. Bwana wa Chalinze alielewa upesi, maana hakuna mtu anayetaka kugombea mke na jini. Nilishukuru, na usingizi ukanirudia kidogo.

Juzi mama aliingia chumbani kwangu mchana, mimi nadarizi. Alikuwa na chetezo mkononi. Akakaa mkekani, akafukiza, akainamisha kichwa kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Bwana," aliuliza, "mwanangu anaendeleaje?"

Nilikuwa macho, nimekaa mbele yake, sindano mkononi, na niliogopa kumjibu.