Mzee Zenoni Afika kwa Eli

Zenoni alizaliwa milimani juu ya Uvira, penye ng'ombe wengi kuliko watu, na mpaka leo ukimwuliza fulani ni mtu wa namna gani, atakuambia kwanza kama anajua kuchunga. Alimaliza miaka minane katika kambi ya wakimbizi Burundi, na mwaka 2012 akatua Louisville, Marekani, na mkewe Béatrice na mwanawe Ganza. Akapata kazi ghalani, kufunga maboksi. Kanisani akafanywa mzee, akakabidhiwa gari: kila Jumapili lipite nyumba za mtaa wa Highview likusanye wazee wasioendesha. Mgongo ulipoanza kumsumbua, alimpa Ganza funguo bila kumwuliza mtu.

Jumapili moja ya Februari 2015, Ganza alipitiwa na usingizi. Usiku kucha alikuwa kwenye simu na mchumba wake, Umuhoza wa Columbus. Mama Nyirangabo, mjane wa miaka sabini na tisa, alisimama kwenye theluji saa nzima, maana aliamini gari la kanisa halisubirishwi. Alilazwa wiki mbili kwa nimonia. Ganza alidai betri ilikufa. Wazee wa kanisa wakamgeukia Zenoni, naye, aliyelijaribu gari hilo mchana uleule na likawaka mara moja, akaitikia: ndiyo, betri.

Usimcheke haraka. Siku ya Pasaka kwaya za Columbus na Buffalo zilikuwa zinakuja, Ganza ndiye kiongozi wa kwaya ya wenyeji, na wakwe watarajiwa wangekaa viti vya mbele. Katika kanisa lao aliyekosa hutengwa: hukaa benchi la nyuma, haimbi, wala hashiriki Meza ya Bwana mpaka wazee wamrudishe. Nani angempa binti yake mtu wa benchi la nyuma? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wiki tatu kabla ya Pasaka, zamu ya kufundisha ikamwangukia Zenoni, na somo lilikuwa makuhani wa Israeli. Alianza vizuri, kwa kuwa habari za mifugo hafundishwi: kuhani alimkagua mnyama, na kiwete hakufika madhabahuni. Akafika kwa kuhani Eli. Wanawe walinyakua nyama ya sadaka kabla Mungu hajapewa sehemu yake. Baba alijua, akawakemea kwa mdomo, akawaacha kazini. Mungu hakuwahukumu wana peke yao. Alimwuliza baba imekuwaje watoto wakawa wakubwa kuliko Yeye.

Hapo akainua macho. Mama Nyirangabo alikuwa mstari wa pili, anakohoa, na kila neno analiitikia kwa kichwa. Zenoni aliona aibu, tena aibu ya kuchoma.

"Bon, wandugu," akasema, "ile gari haikukufa betri. Ganza alilala, mimi nilijua, na nikasema uongo. Ile kazi mulinipa mimi."

Wazee walimtenga Ganza miezi mitatu. Zenoni walitaka kumwonya tu, kwa ajili ya umri wake. Akakataa katakata, akaomba miezi sita, kwa sababu funguo zilikabidhiwa yeye.

Pasaka ikafika. Columbus wakaimba, Buffalo wakaimba, Louisville wakaimba bila kiongozi na kupoteana ubeti wa pili. Baba na mwana walikuwa benchi la nyuma, na sinia la mkate likawapita. Wakwe hawakugeuka hata mara moja.

"Papa, kama ulinyamaza, leo ningeimba," Ganza akanong'ona.

"Ungeimba. Na mimi ningekuwa kule mbele, nawagawia watu mkate na ile uongo mu kinywa."

Ibada ilipokwisha Ganza alipita katikati ya wageni, mbele ya wakwe wote, akapiga magoti kwa Mama Nyirangabo na kumwomba radhi. Tangu Februari alikuwa hajafanya hivyo. Zenoni alimtazama kutoka benchini, machozi yanamtoka, maana hakuwa amemtuma.