Kidole cha Enta

Chuo ninapofundisha kipo London, lakini ni cha Kijapani. Wanafunzi wanatoka Japani, wanakaa mwaka mmoja, wanajifunza Kiingereza, na kwangu mimi, mtu wa Tanga, wanajifunza kompyuta. Watu hudhani Mjapani huzaliwa anajua kompyuta. Hawa wangu wamezaliwa wanajua simu. Mpe kibodi, utamwonea huruma.

Mwaka huu alikuwapo binti mmoja mpole aliyeomba kazi ya mafunzo katika ofisi ya mizigo kule Hounslow, karibu na uwanja wa ndege. Kazi yenyewe ni kuwajibu wateja kwa maandishi, papo kwa papo. Bila nafasi hiyo asingemaliza kozi, na baba yake alishasema akishindwa arudi nyumbani akakae dukani.

Tatizo lilikuwa kidole. Kila akiandika maneno mawili matatu, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilishuka kwenye kitufe cha Enta, ujumbe ukaondoka haujakamilika. Katika mazoezi nilijifanya mteja aliyepotelewa na sanduku, naye akanijibu: "Tunasikitika, sanduku lako". Basi, ukaenda. Mteja yeyote angeanza kulia hapo hapo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, hawakukiona hiki.

Mimi si mtu wa subira. Nilimgombeza. Nikabandika karatasi nyekundu juu ya kitufe, akaibonyeza karatasi. Akaomba radhi kwa maandishi, na radhi zenyewe akazituma nusu nusu. Nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Nyumbani Walthamstow nikamsimulia binti yangu. Yeye Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza chake. Akaniuliza ni nani aliyewaandikia mashemeji wa Tanga "Asante Santa". Ni kweli, ni mimi. Simu yangu haijui Kiswahili. Kila nikiandika "sana" inaniletea Baba Krismasi, nami nimezoea kutuma bila kutazama. Imamu wetu naye alishapata ya kwake.

Kesho yake nikamwomba mwanafunzi anionyeshe wanavyoandika kwao. Aliandika sauti ya neno kwa herufi hizi hizi zetu, kompyuta ikampa alama kadhaa za maandishi yao, akachagua moja, akabonyeza Enta. Neno jingine, Enta tena. Kumbe anapoandika Kijapani, kitufe hicho hakisemi "tuma". Kinasema "ndiyo, hili ndilo neno langu". Mazoea yana taabu, lakini huu haukuwa uzembe hata kidogo. Nilifurahi kama niliyefumbuliwa kitendawili. Tukakubaliana kwamba kidole kikitaka kushuka, kwanza asome sentensi kimoyomoyo tangu mwanzo.

Mtihani wa ile ofisi aliufanyia darasani kwetu, kwa maandishi, na mtahini alikuwa huko Hounslow. Mimi nilikaa nyuma yake. Nilikatazwa kusaidia, kwa hiyo nikatafuna kucha. Mara mbili kidole kilimponyoka, na mara zote mbili alimalizia sentensi iliyokatika akaendelea na kazi, bila kuomba radhi. Nilitamani kupiga makofi.

Mwishoni mtahini akaandika kwamba mtihani umekwisha na wangependa aanze kazi Jumatatu. Je, anakubali?

Binti akaandika: "Ndiyo, nakubali." Akaisoma. Akaisoma tena. Kidole kikabaki juu ya kitufe, hakishuki. Nikangoja. Huko Hounslow nako mtu alikuwa anangoja. Binti akageuka akanitazama, machozi yanamlengalenga, na nikaelewa kwamba sasa anaogopa hata pale ambapo neno limekamilika.

"Bonyeza, mwanangu," nikamwambia kwa Kiswahili, nimesahau kabisa kwamba hakijui.

Akabonyeza.