Bahasha Ndani ya Unga

Nakumbuka Jumanne moja ya Novemba, siku ya uchaguzi wa jimbo letu la Ohio. Saa tisa alasiri nilimpoteza kaka yangu Elie, katika nyumba ya kupanga hapa Linden, Columbus, vituo vya kura vikiwa bado wazi. Alikufa akiwa hajapiga kura hata moja maishani mwake, na kosa ni langu. Mwanangu, nakuambia hayo mapema ili usinisome ukidhani mimi ni mfiwa tu.

Nimesoma miaka sita, basi. Elie ndiye aliyekuwa mwalimu, kule milimani juu ya Uvira, kabla ya kambi ya wakimbizi na kabla ya ndege iliyotuleta huku. Hapa alibeba maboksi ghalani mpaka figo zikamlaza. Kitanda chake tulikiweka sebuleni, karibu na dirisha, na kutoka hapo alinifundisha serikali ya jimbo kana kwamba mimi ndimi darasa zima, akichanganya Kifaransa chake cha ualimu.

"Bon, Furaha. Nani anashika fimbo?"

"Gavana."

"Na njia ya kupitisha ng'ombe, anaichora yeye?"

"Hapana. Mabaraza mawili, la wawakilishi na la maseneta."

"Safi. Gavana anaweza kuikataa sheria yao, lakini nao wakiwa wengi wa kutosha wanampita. Wakigombana, kuna majaji. Donc, fimbo kwa huyu, njia kwa wale, ugomvi kwa wengine. Kisha kuna mwanasheria mkuu, mkaguzi, mtunza hazina, na katibu wa jimbo anayesimamia uchaguzi. Kila mmoja anachaguliwa kwa kura yake."

"Gavana akiwakasirikia hawezi kuwafukuza?"

"Hawezi."

"Basi huyo ni gavana gani!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Wetu kule nyumbani alikuwa gavana wa ndege. Ndege inamleta kutoka Kinshasa, ndege inamrudisha. Sisi kazi yetu ilikuwa kupiga makofi uwanjani."

Siku tulipoapa kuwa raia, yeye ndiye aliyejaza fomu zetu za wapiga kura. Nilitia sahihi yangu bila kupenda. Lazima nikueleze kwa nini, si kwa kujitetea.

Nilipokuwa msichana kule milimani, watu wenye bunduki waliingia kanisani kwetu wakiwa na karatasi. Mmoja alisoma majina kwa sauti nzuri, polepole, kama mtu anayesoma matangazo ya Jumapili. Kila aliyeitwa aliitika, akatoka nje. Baba aliitika. Hatukuwaona tena. Tangu hapo, jina la mtu wangu likiwa kwenye karatasi ya wakubwa, nilikuwa naisikia ile sauti nzuri. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi Elie, kwa kuwa hakuweza kusimama, aliomba karatasi yake ya kura iletwe kwa posta, aipigie kitandani. Bahasha ilifika mchana, saa nane, kifuniko cha chuma cha sanduku la barua kikalia mlangoni. Nililiona jina lake kwenye bahasha, na juu yake maneno ya ofisi ya uchaguzi. Nikaipeleka jikoni, nikaifukia ndani ya mfuko wa unga wa muhogo. Nilijiambia kwamba namficha.

"Furaha, posta imefika?"

"Bado, kaka."

Kesho yake kifuniko kikalia tena. "Posta imefika?" "Bado." Hivyo kwa wiki tatu. Alikuwa ameshachagua watu wake, majina yao ameyaandika kwenye daftari na kalamu ameiweka juu. Nilipika ugali kutoka mfuko huohuo, nikichota pembeni.

Asubuhi ya ile Jumanne hakuuliza posta. Alinitazama akasema, "Furaha, uuangalie ule unga. Utaingia wadudu." Kisha akageukia dirishani.

Mwanangu, yule mtu hakuwa ameingia jikoni kwa miezi miwili. Kwamba alijua au hakujua, sitakudanganya. Sijui. Ningeweza kuileta bahasha wakati ule. Siku ilikuwa bado haijaisha. Nilisimama pale mlangoni mwa jikoni, nikasikia ile sauti ya kanisani ikisoma, na miguu yangu haikwenda.

Siku ya nne baada ya mazishi, watu wa vifaa vya wagonjwa wakiwa wameshakuja kuchukua kitanda chao walichotuazima, nilikuwa nimekaa sebuleni peke yangu. Saa nane. Kifuniko kikalia. Nikasikia, "Furaha, posta imefika?"

Sikuona kitu. Pale kitanda kilipokuwa palibaki alama nne za miguu yake kwenye zulia. Lakini mdomo wangu ulishajibu: "Bado, kaka."

Nilimdanganya hata marehemu. Na ikawa kila siku, kifuniko kikilia, najikuta nimejibu kabla ya kufikiri. Barua za jina lake hazikuacha kuja.

Mwishowe nilimwendea Mama Nyota, mzee wa kanisa letu, mwanamke asiyepamba maneno. Nikamweleza yote. Aliniuliza, "Ulimficha ili nani asimwone? Serikali ilikuwa na jina lake tayari, ndiyo iliyomwandikia. Wale wa milimani waliita jina ili wamfunge mwenyewe mdomo. Hawa walimwita aseme. Wewe ndiwe uliyemfunga mdomo." Akanishika mkono. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda ukaseme pale panapostahili."

Ilipokuja kura nyingine nilikwenda kituoni, kwenye ukumbi wa kanisa moja la jirani, bahasha ikiwa mkobani. Mama mmoja mwenye miwani aliandika jina letu la ukoo. Kwenye kioo cha kompyuta yake yakatokea majina mawili, la Elie juu, langu chini.

"Nyumba moja," alisema kwa uchangamfu. "Na Elie, anakuja baadaye?"

Nilitaka kusema "bado".

"Amekufa," nikasema. "Ni kaka yangu. Na hii ilikuwa yake, mimi niliificha."

Nilipoiweka bahasha mezani, unga ulimwagika juu ya karatasi zake. Hakuupangusa. Alisema, "Pole sana, mama. Hii haiwezi kuhesabiwa tena." Kisha akanipa kalamu nitie sahihi yangu, nikapiga kura yangu ya kwanza.

Mwanangu, nawe ni kila kijana wetu aliyetawanyika katika majimbo ya nchi hii, nasaha yangu ndiyo hii. Hofu ya mzazi wako iheshimu, lakini usiiache ipokee barua zako. Ijue serikali ya jimbo unamokaa, kwa maana hazifanani. Wewe wa Beechmont, kule Louisville, gavana wenu huchaguliwa mwaka unaotangulia ule wa rais. Usilale ukidhani si zamu yako. Wewe wa West Side, kule Buffalo, katibu wa jimbo kwenu huteuliwa na gavana, hapa kwetu tunampigia kura. Uliza, kuuliza si ujinga. Na karatasi ya mwenzako mpe mwenyewe mkononi, hata kama wako unatetemeka. Majuto ni mjukuu, na wangu nimemlea peke yangu.

Mungu alilinde jina lako popote litakapoandikwa, na siku utakapoitwa, uitwe kwa heri, nawe uitike ukiwa hai.

Jana saa nane mchana nilikuwa nachekecha unga. Kifuniko cha sanduku kikalia mlangoni. Nikasikia nilichozoea kusikia, nikaweka chekeche chini.

"Imefika, kaka," nikajibu.