Nilimrudisha Binti Yangu Kazini kwa Jogoo

Mimi ndio nilikosa. Naanza na hapo ndio mtu asipoteze wakati akitafuta mwenye makosa. Ni mimi, mzee wa mtaa wa Landless hapa Thika, mwenye mdomo mrefu na masomo mafupi.

Naandika na simu, kidole kimoja, kwa hivyo mkiona nimezunguka mnivumilie. Hata nikiongea huwa nazunguka. Binti yangu alikuwa akisema, "Baba, ukitumwa chumvi utarudi na hadithi ya ng'ombe." Siku hizo alikuwa bado anacheka na mimi.

Huyo binti amepewa jina la mama yangu, kwa hivyo mimi humwita Maitu, yaani mama. Ni yeye tu nilibaki naye hapa nyumbani baada ya mama yake kutuacha. Alikuwa merchandiser. Mimi sikujua hiyo ni kazi gani mpaka akanieleza. Unaandikwa na kampuni ya sabuni, lakini unashinda kwa supamaketi ya wenyewe, unapanga hiyo sabuni kwa shelfu ionekane mbele, ya zamani mbele, mpya nyuma, halafu unapiga picha unatumia bosi. Kila asubuhi picha. Mtu wa sabuni ingine akisukuma zako nyuma, unapanga tena, unapiga picha tena. Na wale wa supamaketi nao wanakutuma kama wao ndio wanakulipa. Beba unga. Panguza hapa. Kuketi hakuna! Ukiketi unaambiwa unaharibu sura ya duka.

Mimi nikasikia hayo yote na nikasema, "Lakini uko chini ya paa, hunyeshewi."

Ngai! Ndiyo maneno nilimwambia.

Mjue mimi nilifanya kazi kwa kiwanda cha nguo hapa Thika mpaka kikafungwa. Vumbi ya pamba nilikula kuliko ugali. Hata leo nikikohoa jirani anajua nimeamka. Na sikuwahi kusema nimechoka. Nilikuwa najivunia hiyo. Sasa mtu wa kujivunia kikohozi utamwambia nini?

Dalili nilikuwa naziona. Alianza kula akiwa amesimama, ameegemea ukuta, sahani mkononi. Nikimwambia keti, anasema, "Baba, nikiketi sitainuka." Akiingia jikoni anageuza makopo, majani chai, mafuta, kila kitu kinaangalia mbele. Nikigeuza moja, anarudi anaigeuza, hata haoni anafanya hivyo. Na simu! Jumapili moja tuko kanisani, watu wamefunga macho, simu ikalia. Shelfu yake ya hapa Thika ilikuwa tupu, bosi anataka picha. Akatoka mbio. Mimi nikabaki nikimwombea awe na heshima kwa Mungu. Sikuomba apewe siku ya kupumzika.

Basi jioni moja akaja nyumbani mapema. Hana ile fulana ya kampuni, hana ile kadi ya shingo.

"Baba, nimeacha kazi."

"Umefukuzwa?"

"Nimeacha. Nimewarudishia vitu vyao. Nimechoka, Baba. Nataka nilale."

Akalala. Akalala mpaka siku ya pili jua likiwa juu. Na mimi, badala ya kumwekea uji, nikatoka nikaenda kutafuta jogoo!

Wacha niwaeleze hiyo ya jogoo, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipo. Kwetu, zamani, msichana akitoroka bwana akarudi kwa babake, wazee walikuwa wanakaa chini, wanamsikiza kidogo, wanamkemea sana, halafu wanachukua mbuzi ama jogoo wanamrudisha. Wanaomba msamaha kwa niaba yake. Dada yangu mkubwa alirudishwa hivyo. Alirudi nyumbani akilia, baba akamrudisha. Akatoroka tena, akarudishwa tena. Mara ya mwisho hakulia, alifunga tu kitambaa kichwani akatangulia mbele kwa njia. Sisi tukasema sasa amekomaa. Kumbe amekwisha. Nilikuwa kijana, nilimwona uso, na nikasahau. Ama nilijifanya nimesahau.

Sasa mimi akilini nikaona kazi ni kama bwana. Umetoroka, tutakurudisha. Nikachukua mzee mwenzangu wa kanisa, Baba Njeri, tukapanda boda boda mbili mpaka Ngoingwa, kwa nyumba ya huyo bosi wake. Jogoo mwekundu chini ya kwapa. Nilivaa koti.

Bosi ni kijana tu, angekuwa mtoto wangu. Alifungua mlango akiwa na kaptula.

"Mzee, karibu. Hiyo kuku ni ya kuuza?"

"Ni yako. Tumekuja kwa sababu ya msichana. Ni utoto. Tunaomba umsamehe."

Akaangalia jogoo, akaniangalia. Bibi yake alikuwa nyuma amejiziba mdomo asicheke.

"Wazee, kwani hii ni kazi ama ni mambo ya mahari?"

Baba Njeri akajibu kwa sauti ya kuomba, "Ni kitu kimoja, kijana wangu. Nyumba ni uvumilivu."

Huyo kijana alicheka lakini hakuwa mbaya. Alisema Maitu ni mfanyikazi mzuri, aje tu. Lakini kwa ile supamaketi ya Thika Maitu alikuwa anapanga sabuni, sasa alikuwa ameamua kuweka mtu wa nusu siku tu. Sasa kama anarudi, atachukua Thika asubuhi na Ruiru mchana. Mbili. Na mimi nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili nikamshukuru! Nimeongezea mtoto wangu mzigo na nikasema asante!

Nilirudi nyumbani na fulana ya kampuni imekunjwa kwa karatasi. Nikamwekea mkononi.

"Maitu, nimepeleka jogoo, nimekuongelea. Umesamehewa."

Akanitazama. "Nimesamehewa nini, Baba?"

Mimi mwenye maneno yote hii mtaa! Nikasema tu, "Vaa, mama. Usiniaibishe mbele ya wazee."

Akavaa. Hakulia. Hapo ndipo nilipaswa kukumbuka dada yangu na kile kitambaa. Lakini nilikuwa nafurahi.

Sijui ilikaa muda gani, mahindi yalipandwa yakafika kiuno. Alikuwa anatoka giza na kurudi giza, haongei. Nikajiambia ametulia.

Halafu mchana mmoja simu yangu ikalia, mtu simjui.

"Mzee, wewe ni baba ya huyu msichana wa sabuni? Mimi ni soja, mlinzi wa mlango kwa supamaketi hapa Ruiru. Kuja. Ameketi."

"Sasa si aketi? Kuketi ni kosa?"

"Mzee, ameketi chini, katikati ya njia. Hainuki. Tumemwongelesha, hajibu."

Woi! Sikumbuki hata nilifika aje Ruiru. Nilimkuta ameipa shelfu mgongo, viatu ametoa, miguu imefura kama mikate. Wateja wanamzunguka na matroli. Mama mmoja alinyoosha mkono juu ya kichwa chake akachukua sabuni, akaenda. Na simu ya Maitu iko sakafuni inatetemeka. Bosi anataka picha.

Nikainama. "Maitu. Ni mimi."

Akaniangalia pole pole, kama mtu anatoka kwa maji.

"Umekuja kunirudisha?"

Haki ya Mungu, hakuna kitu nimewahi kuambiwa kikaniuma hivyo. Kikohozi kikanishika. Yeye akashika shelfu, akainuka mwenyewe. Akavua fulana, chini alikuwa na blauzi yake. Akaikunja vizuri, jina la kampuni likiangalia mbele, akaiweka kati ya sabuni.

"Hii usiifuate tena, Baba. Hata ukibeba ng'ombe."

Akatoka akiwa ameshika viatu mkononi. Hata hapo, soja alimkagua mkoba mlangoni! Yule yule alikuwa amenipigia. "Nisamehe dada, ni sheria," akasema. Maitu akamfungulia akaona kitana na ndizi moja.

Hakurudi Landless. Alichukua chumba Mwiki, akalala huko. Kulala tu, niliambiwa na wengine, wiki kwa wiki. Simu zangu hakushika. Nilikuwa napika chai ya watu wawili, nakunywa moja, ingine inapoa. Baba Njeri akaniambia, "Mpe muda, atarudi, watoto hurudi." Nikamwambia, "Wewe nyamaza, wewe ndio ulisema nyumba ni uvumilivu." Tukakosana pia na yeye, lakini hiyo tulimaliza.

Nikakaa na hilo neno, kurudisha. Wale wazee wetu walijua njia moja tu. Hakuna aliyetufundisha mzee akikosea mtoto anaenda na nini.

Basi juzi nikatafuta jogoo. Ndiyo, mwingine. Sikujua kubeba kitu kingine. Sikubeba mzee, sikuvaa koti. Nikaenda Mwiki nikiuliza uliza mpaka nikapata mlango wake.

Akafungua. Amenenepa kidogo. Akaona jogoo, uso ukabadilika.

"Baba. Na hii unanirudisha wapi?"

"Hakuna mahali, Maitu. Hii ni ya kula. Nilikuwa nataka kukuambia kwamba..."

Akainua mkono. "Ingia. Lakini leo usiongee."

Nikaingia. Sikuongea.

Mnajua vile ilikuwa ngumu? Nilikuwa nimebeba maneno mengi kutoka Thika, ya dada yangu, ya fulana, ya lile swali lake la amesamehewa nini. Nikayashikilia yote kwa tumbo. Kwa meza yake kopo la majani chai lilikuwa limegeukia ukuta, mkono ukaniwasha nigeuze, nikauweka chini ya paja. Yeye akachinja, akatoa manyoya, akapika. Hakuharakisha. Simu haikulia. Halafu akapakua sahani mbili, akavuta kiti, akaketi.

Aliketi! Akala mpaka mwisho, akalamba vidole, akakaa tu hapo akiangalia nje. Mimi machozi yakaingia kwa mchuzi, nikaendelea kutafuna.

Wakati wa kutoka aliniambia, "Ukikuja tena usibebe kuku." Akasema nikija tena. Nimelishika hilo neno na mikono miwili.

Yale maneno mengine bado sijaruhusiwa kuyasema, ndio maana nimekuja kuyamwaga kwenu. Na nyinyi wazazi wenzangu, mtoto mkubwa akikuja kwako akuambie amechoka na kazi, usiite wazee. Usivae koti. Usimtafutie msamaha. Mvutie kiti. Jogoo chinja, mle, na mdomo wako, mzee, uwe wa kutafuna tu.